Kamba wa Greenland, Umoja wa Ulaya na neno moja la kwenye mkataba (uzi mrefu)

Mdigo Ughaibuni (mleta mada)

Wakuu habari za jioni, shikamoo kwa wanaostahili.

Nina uzi mrefu kidogo, mwenye haraka apite salama. Mimi nabeba maboksi kwenye ghala la baridi hapa Aalborg, kaskazini mwa Denmark, mwaka wa 6 sasa. Huu mji ndo mlango wa mizigo ya Greenland toka enzi, kwahiyo ninachobeba sanasana ni mali ya huko, kamba wale wadogo wekundu wa maji ya baridi pamoja na samaki bapa mmoja mkubwa mweusi ambaye mtu aliyekulia pwani atasema huyu ni gayogayo aliyekula chumvi nyingi. Gayogayo si macho yote mawili yako upande mmoja, huyu jicho la pili limegoma kuhama, limekwama kwenye paji la uso, ukimwangalia ni kama anakushangaa wewe.

Sasa mwaka wa kwanza niliboronga. Nilipanga mzigo wa huyo samaki juu ya ubao, maboksi yanafanana kama mapacha, kampuni ileile, jina lilelile la kisayansi Reinhardtius hippoglossoides, mimi nikajua kazi imeisha. Msimamizi akaja, hakufoka wala nini, akavua glovu akaweka kidole kwenye namba ndogo pembeni ya karatasi ya boksi. La chini limeandikwa FAO 21, la juu yake FAO 27. Nilikuwa nimechanganya. Tulipangua mzigo wote mpaka saa 3 usiku vidole havina habari na mimi tena.

Kumbe FAO, lile shirika la chakula la Umoja wa Mataifa, imezigawa bahari zote za dunia kwa namba. 21 ni Atlantiki ya Kaskazini Magharibi, yani upande wa magharibi wa Greenland, 27 ni Kaskazini Mashariki. Kisiwa kimoja, namba mbili, na kila upande una hesabu zake za tani na wanasayansi wake. Sisi wa Tanga, Pemba, Mombasa, Shelisheli mpaka huko India magharibi tuko namba 51.

Toka siku hiyo nikaanza kufuatilia nani anaruhusiwa kuvua wapi, kwa makubaliano gani, na analipa nini. Nikakutana na mkataba wa Umoja wa Ulaya na Greenland. Nikasema hii lazima niilete huku maana tukisikia mikataba ya uvuvi tunadhani ni habari ya pesa tu. Ngoja nile kidogo nakuja.

Ngalawa Kavu

Nimekaa paleee na karanga zangu. Ila Greenland si ni Denmark hiyohiyo? Na Denmark si iko ndani ya EU? Sasa wanasainishana mkataba na nani, mtu na mkono wake? Acha kamba mkuu.

Mdigo Ughaibuni

😂😂 Kamba ndo mada yenyewe, ntaziacha vipi.

Swali zuri lakini, na ndo utamu ulipo. Greenland iko ndani ya ufalme wa Denmark ila HAIKO ndani ya EU. Ilikuwemo ikatoka.

Iko hivi. Mwaka 1972 Denmark ilipiga kura ya kuingia Jumuiya ya Ulaya (ndo EU ya sasa). Wadenishi kwa jumla wakasema ndiyo. Greenland asilimia 70 na ushee wakasema hapana. Lakini wakati huo walikuwa wanahesabiwa kama mkoa wa Denmark, kwahiyo tarehe 1 Januari 1973 wakajikuta ndani kama mtoto anavyobebwa kwenda harusini amelala. Kilichowauma ni samaki. Ukiwa ndani ya Jumuiya, mgao wa tani unapangwa Brussels, na meli kubwa za wenzako, hasa Wajerumani Magharibi, zinakuja kukokota nyavu kwenye maji yako kihalali kabisa.

1979 wakapata serikali yao ya ndani. 1982 mwezi wa pili wakapiga kura tena, safari hii yao peke yao. Waliotaka kutoka 12,615, waliotaka kubaki 11,180. Tofauti watu 1,435 tu, hiyo ni abiria wa boti chache za Unguja. Mazungumzo na taratibu zake zikachukua karibu miaka mitatu, wakatoka rasmi tarehe 1 Februari 1985. Jumuiya ikapoteza zaidi ya nusu ya ardhi yake kwa siku moja, ingawa nyingi ni barafu.

Na siku hiyohiyo waliyotoka ndo mkataba wa uvuvi ukaanza. Hapo sasa tulia usome vizuri.

Binti Chumbageni

Kaka karibu nyumbani siku moja utuletee hao gayogayo wazee. Swali langu, hao watu wako wangapi huko? Maana ramani inaonyesha linchi likubwa kama Afrika nzima.

Mdigo Ughaibuni

Dada ramani inadanganya ile, kule juu inavutwa. Ila hata hivyo ni kubwa, zaidi ya mara mbili ya Tanzania. Watu sasa, hawafiki 60,000. Wote, wazee na watoto, unawaingiza Uwanja wa Mkapa siku ya Simba na Yanga na viti vinabaki. Miji yao haina barabara ya kuunganisha mmoja na mwingine, ni boti, ndege au helikopta.

Na katika kila shilingi mia wanayopata kwa kuuza nje, zaidi ya tisini ni samaki na kamba. Huo ndo uchumi. Nyingine inayowashika ni ruzuku ya Denmark, mabilioni ya krona kila mwaka, karibu nusu ya bajeti ya serikali yao.

Mzee wa Feri

Vijana hii ni hadithi ileile tunayoijua. Mzungu anamlipa mwenye bahari vijisenti, anazoa samaki, anarudi kumuuzia kwenye kopo. Hao Waeskimo wameonewa tu kama sisi. Tuambie wanalipwa shilingi ngapi tujue kama ni biashara au ni wizi.

Mdigo Ughaibuni

Shikamoo mzee wangu. Kwanza wenyewe wanapenda waitwe Inuit, au Kalaallit, hilo jingine hawalitaki, utaonekana wa zamani.

Pesa: itifaki ya sasa ni ya 2025 mpaka 2030. EU inatoa kama euro milioni 17.3 kwa mwaka. Kwenye hizo, 14.1 hivi ni kwa ajili ya kuruhusiwa kuvua, 3.2 zinazobaki ni za kusaidia sekta yao ya uvuvi, utafiti, ukaguzi na mambo hayo. Halafu wenye meli nao wanakata leseni zao juu ya hapo, yani serikali za Ulaya zinalipa na mwenye chombo analipa. Itifaki iliyotangulia ya 2021 ilikuwa kama milioni 16.5.

Ukigawa kwa kichwa, ni kama euro 300 kwa kila mtu kwa mwaka. Sio mchezo, lakini sio utajiri.

Ila mzee, ukiishia kwenye hizo milioni 17 hujauona mkataba. Mimi nilisoma hizo namba nikajua nimeelewa, kumbe bado. Mkataba mwenyewe unakaa kwenye karatasi nyingine kabisa, ni itifaki namba 34 inayoambatana na mikataba mikuu ya Umoja wa Ulaya, karatasi fupi sana. Inasema bidhaa za uvuvi za Greenland zitaingia soko la Ulaya bila ushuru wa forodha, ENDAPO nafasi za kuvua ambazo Greenland inawapa wao ZITAURIDHISHA Umoja.

Zitauridhisha. Hawakuandika tani ngapi wala kwa kipimo gani, wameandika ziwaridhishe.

Ngalawa Kavu

Eeeh hapo sasa. Kwahiyo nani anaamua kama wameridhika?

Mdigo Ughaibuni

Wao.

Na hili la ushuru usilidharau kabisa. Kamba wa aina hiyo aliyechemshwa na kumenywa, akitokea nchi isiyo na makubaliano yoyote, anaingia Ulaya kwa ushuru wa asilimia 20. Wa Greenland anaingia bure. Sasa chukua nchi ambayo tisini kwa mia ya mauzo yake ni samaki na kamba, na soko lake kubwa ni hilohilo, uondoe hiyo bure. Milioni 17 itakuwa hela ya vocha.

Ndo maana nasema watu wanaosoma hii mikataba kwa kuangalia hundi wanaangalia kidole badala ya kuangalia kinachoonyeshwa. Greenland haiuzi samaki kwa euro tu. Inatoa samaki kidogo kwa hundi, na kwa samaki haohao inalinda njia ya samaki wote wengine.

Msomi wa Jioni

Mleta mada upo vizuri. Niongezee kidogo kisheria maana nasoma sheria jioni na mchana nauza simu.

Greenland toka 2009, tarehe 21 Juni, ina sheria mpya ya kujitawala, na watu wake wametambuliwa kama taifa lenye haki ya kuamua mambo yake. Mambo ya nje na ulinzi bado ni ya Copenhagen, LAKINI kwenye maeneo waliyokabidhiwa kikamilifu, mfano uvuvi, wanaweza kujadiliana wenyewe. Ukiangalia mkataba wenyewe upande mmoja ni Umoja wa Ulaya, upande wa pili zimeandikwa serikali mbili, ya Greenland na ya Denmark. Kwenye meza anayeongea habari ya tani ni Nuuk, mji mkuu wa Greenland.

Linganisheni na Sahara Magharibi, eneo linaloshikiliwa na Morocco. Kule EU ilisaini na Morocco, meli zikawa zinavua kwenye maji ya Wasahrawi, wenye maji hawakuulizwa. Tarehe 4 Oktoba 2024 mahakama ya juu ya Ulaya ikasema ule mkataba ni batili kwasababu watu wa Sahara Magharibi hawakuridhia. Kwahiyo ukipewa mkataba wowote wa uvuvi kabla hujaangalia hela angalia sahihi.

Mzee wa Feri

Hapo nimekuelewa kijana. Lakini bado hiyo ya kuridhika wao inaninyima raha.

Mkilifi

Niaje wadau, nawasoma kutoka huku Kenya. Sasa hizo tani zinapangwa vipi, wanakaa tu mahali wanasema nyinyi chukueni hizi sisi tubaki na hizi?

Mdigo Ughaibuni

Karibu sana jirani.

Kila mwaka kuna kamati ya pamoja inakaa. Kabla ya hapo wanasayansi wametoa ushauri, upande wa mashariki (ile 27) ni shirika la kimataifa linaitwa ICES, upande wa magharibi (21) ni jingine linaitwa NAFO, na Greenland wana taasisi yao ya utafiti pale Nuuk yenye meli yake inayokwenda kuhesabu. Ukishajua bahari inabeba kiasi gani, Greenland inapanga jumla ya tani, inawapa wavuvi wake, kinachobaki ndo wanaongea na EU. Kamba wa magharibi wengi sana wanabaki kwa meli zao wenyewe. Wana kampuni kubwa ya serikali, Royal Greenland, na nyingine ya watu binafsi, Polar Seafood. Na kwa miaka mingi meli zao za kamba za bahari kuu zimebanwa kwamba sehemu ya mavuno, robo hivi, lazima ishuke kwenye viwanda vya nchi kavu ili watu wa vijijini wapate ajira, sio kila kitu kichemshwe hukohuko melini.

Alafu kuna hii ambayo ilinichekesha. Sio samaki wote EU inaowanunua Greenland wanavuliwa na meli za EU. Sehemu wanaitumia kubadilishana na Norway. Yani Greenland anampa EU tani, EU anampelekea Norway zile tani, Norway naye anampa EU tani za kwenye maji yake.

Mkilifi

Kwani hao wanauziana samaki wakiwa bado wanaogelea??

Mdigo Ughaibuni

Ndo hivyo 😂 Samaki hajui kama ameshabadilisha uraia mara tatu.

Na kuna wakati waliuziana samaki ambao hata kuogelea walikuwa hawaogelei. Hii ni kwa ajili yako mzee wa Feri uliyesema wameonewa.

Miaka ya 60 mwanzoni, magharibi mwa Greenland kulikuwa na chewa wa kutisha, zaidi ya tani 400,000 kwa mwaka zilikuwa zinavuliwa na meli za kila taifa. (Namuita chewa kwasababu kamusi zinamuita hivyo, ila msimchanganye na chewa wetu wa mwambani, huyu ni wa maji ya baridi, nyama nyeupe inamomonyoka kama mihogo ya kuchemsha.) Baadae akaporomoka, kuvuliwa kupita kiasi pamoja na maji kubadilika joto. Kufika miaka ya 90 upande ule hakuna kitu.

Sasa mikataba ya EU na Greenland ikaendelea kuandika tani za chewa mwaka baada ya mwaka, na EU ikaendelea kulipa. Watu wakaziita samaki wa makaratasi. Itifaki ya 2001 mpaka 2006 ilikuwa euro milioni 42.8 kwa mwaka! Meli zikienda hazipati hata supu. Ndani ya Ulaya kwenyewe watu wakaanza kuhoji, tunalipia nini hapa?

Jibu la ukweli ni kwamba walikuwa wanalipia urafiki. Greenland ni eneo nyeti, hakuna aliyetaka kuikasirisha, lakini hapakuwa na mfuko wa kulipia urafiki, mfuko uliokuwepo ni wa samaki. Basi wakabandika bei ya urafiki kwenye mgongo wa chewa asiyekuwepo. 2007 ndo wakatenganisha, samaki wakabaki na milioni 15.8 hivi, na ushirikiano mwingine kama elimu ukapewa milioni 25 zake. Huo wa pili umekua, kwa kipindi cha 2021 mpaka 2027 umetengewa milioni 225, nyingi ni za elimu.

Kwahiyo mzee hapo nani kamwonea nani sijui.

Mzee wa Feri

Hahaha. Sawa. Nimekubali nusu.

Ngalawa Kavu

Mimi bado kuna kitu kinanitatiza. Walitoka EU kwa hasira ya samaki. Siku ileile ya kutoka mkataba wa kuwauzia samaki ukaanza. Sasa walitoka ili iweje?

Mdigo Ughaibuni

Mkuu chukua mfano wa kisima. Kisima kiko uwani kwako, ila funguo ya mfuniko anayo jirani, anakuja kuchota saa anayotaka, na wewe ukitaka maji unamuuliza yeye zamu yako saa ngapi. Ukikasirika ukachukua funguo, haina maana ndoo ya jirani hutaijaza tena. Unamjazia baada ya kujaza za kwako, na anakulipa.

1985 walianza na ekyu milioni 26.5 kwa mwaka (ekyu ndo iliyozaa euro, moja kwa moja). Lakini kitu kikubwa ni nani anahesabu kwanza. Sasa hivi anahesabu Nuuk.

Ila sitaki kuwapamba sana, na lile neno linabaki palepale. Ukiwa na funguo ya kisima na jirani ana funguo ya soko, mazungumzo yenu yanakuwa ya heshima sana 😅

Binti Chumbageni

Na wasiporidhika? Imeshawahi kutokea?

Mdigo Ughaibuni

Kwa Greenland hapana haijafika huko. Ila kwa ndugu zao Visiwa vya Faroe ilitokea vumbi.

Faroe nao wako chini ya ufalme wa Denmark, wana serikali yao toka 1948, na wao walikuwa wajanja, Denmark ilipoingia Jumuiya 1973 wao hawakuingia, wakaja kuwa na mkataba wao wa uvuvi. Sasa kuna heringi, samaki fulani jamii moja na dagaa wetu wa baharini ila mkubwa, anahama hama kati ya Norway, Iceland, Faroe, Urusi na EU. Mgao wa Faroe ulikuwa kama asilimia 5. Wakasema samaki siku hizi wanakaa sana kwetu, wanakula kwetu, mgao hautoshi. 2013 wakajipangia wenyewe asilimia 17.

EU ikawaka. Mwezi wa 8 mwaka 2013 ikapiga marufuku heringi na vibua wa Faroe kuingia sokoni, na meli zao zinazovua hao samaki kutia nanga bandari za EU. Sasa fikiria Denmark iko wapi hapo. Ni mwanachama wa EU, kwahiyo inatakiwa kufunga bandari zake. Dhidi ya nani? Dhidi ya watu wa mfalme wake mwenyewe (wakati huo malkia). Ikabidi ifunge, na wakati huohuo Denmark, kwa niaba ya Faroe, ikaishtaki EU kwenye shirika la biashara la dunia, WTO. Yani baba kamfungia mtoto mlango kwa amri ya ukoo, halafu kaenda kumsemea mtoto mahakamani dhidi ya ukoo.

Wazee wa kazini hapa wanaikumbuka hiyo mpaka leo. Kuna mmoja mke wake ni mtu wa Faroe, anasema mwaka ule mezani nyumbani kwake samaki ilikuwa mada iliyokatazwa.

2014 wakaelewana, marufuku ikaondolewa mwezi wa 8. Na sijui niseme bahati au nini, mwezi huohuo Urusi ikasusa vyakula vya EU, Faroe wao hawamo EU, wakauza samaki wao Urusi kwa bei nzuri wakashiba.

Kijana wa Malindi Unguja

Asalaam alaykum. Nimesoma kimya kimya toka mwanzo. Nyote mnajua ntauliza nini.

Mdigo Ughaibuni

Waalaykum salaam. Nilikuwa nakungoja sheikh 😂

Kijana wa Malindi Unguja

Ehe. Zanzibar nayo ina serikali yake, ina bahari, ina wavuvi. Sisi tunasimama wapi kwenye hesabu kama hizi?

Msomi wa Jioni

Naomba nijibu mimi. Ni tofauti na Greenland. Maji ya ndani na ya karibu, zile maili 12, Zanzibar inasimamia uvuvi wake yenyewe kwa sheria zake na Bara kwa zake. Bahari kuu kutoka hapo hadi maili 200 iko chini ya mamlaka moja ya pamoja, Mamlaka ya Usimamizi wa Uvuvi wa Bahari Kuu, makao yake Fumba hukohuko kwenu. Meli za kigeni za jodari zinakata leseni pale. Mikataba ya nje ni ya Muungano. Kwahiyo hakuna mahali ambapo Zanzibar inakaa mezani peke yake na jina lake limeandikwa kwenye mkataba wa uvuvi na kambi kama EU. Greenland jina lao liko pale. Mtu anaweza kupenda au kutopenda, mimi nasema kilichopo.

Kijana wa Malindi Unguja

Nimekusikia ustadh. Basi mimi nasema sipendi.

Ngalawa Kavu

Uzi usihamie huko wakuu mods watafunga.

Mdigo Ughaibuni

Kweli tubaki baharini. Wa karibu yetu mwenye mkataba na EU ni Shelisheli, itifaki yao ya 2020 mpaka 2026 ilikuwa kama euro milioni 5.3 kwa mwaka kwa ajili ya jodari, na meli za Hispania na Ufaransa zinashusha pale Victoria. Shelisheli ni nchi kamili lakini nao watu wao ni wachache. Komoro nao walikuwa na mkataba, ila 2017 wakapewa kadi nyekundu na EU kwa uvuvi haramu, meli zilikuwa zinapeperusha bendera yao bila usimamizi, mambo yakaishia hapo.

Tofauti ninayoiona mimi ni moja. Greenland wana meli zao kubwa zinazoweza kuwamaliza hao kamba wenyewe. EU wakisema hatujaridhika, kamba wanavuliwa bado, shida itakuwa soko. Ukiwa huna meli, mwenye meli akisema hajaridhika, samaki wanakuogelea tu mbele ya macho.

Mkilifi

Na Trump je, si anaitaka hiyo Greenland?

Mdigo Ughaibuni

Uzi wake mwingine huo jirani, huu ni wa kamba.

Nahodha Deep Sea

Hamjambo vijana. Mimi ni mvuvi hapa mwalo wa Deep Sea Tanga, mjukuu ndo kanisomea uzi wote. Mdigo hebu niambie. Umesema maji yetu ni namba 51. Huko uliko umewahi kuiona hiyo 51?

Mdigo Ughaibuni

Shikamoo mzee wangu wa nyumbani. Ghalani kwetu hapana, kwetu ni 21 na 27 tu. Ila dukani nimeiona. Sasa hivi nilivyosoma swali lako nimeenda kabatini. Kopo dogo la jodari, nimenunua juzi. Nyuma kuna maandishi kama mchwa, yamesema amevuliwa Bahari ya Hindi, FAO 51, kwa nyavu za kuzungushia.

Nahodha Deep Sea

Jodari yupi? Wako wengi.

Mdigo Ughaibuni

Wameandika jina la kisayansi, Katsuwonus pelamis. Nimemgoogle picha, ni wa wastani, mgongo wa bluu iliyokolea, tumbo jeupe lina mistari minne mitano imelala kutoka mbele kwenda mkiani.

Nahodha Deep Sea

Mistari iko tumboni, sio mgongoni?

Mdigo Ughaibuni

Tumboni mzee.

Nahodha Deep Sea

Huyo sisi tunamwita sehewa bwana. Wamekuuzia sehewa wakaandika jodari.